Kupandishwa Kwenye Chelezo

Tafakari ya Juma la Nne la Kwaresima



Kuanzia mwaka 2014 hadi Agosti 2020, mtu wa Mwanza aliyetaka kwenda Bukoba bila nauli ya ndege kwa kawaida alipanda basi. Alivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, akapita Sengerema na Geita, akalizunguka ziwa huku mgongo ukimuuma, na akirudi na mikungu ya ndizi ikawa inaivia njiani. Daraja halikuwepo, lile la kilomita tatu tunalopita leo lilifunguliwa Juni 2025. Na meli ya MV Victoria, iliyozoea kuondoka usiku na kuamkia Kemondo na abiria wake 1,200 na tani 200 za shehena, ilikuwa imefungwa kamba, haiendi popote.

Wengi tuliitazama tukaamini kwamba imekwisha. Meli ile ni ya siku nyingi. Iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, Scotland, mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa kuwa hakuna mto wa kupitisha meli kutoka baharini hadi kwenye ziwa letu, ilibidi ijengwe mara mbili. Kule kiwandani ilitengenezwa vipande vipande, vipande vikasafirishwa hadi Mombasa, vikapanda treni hadi Kisumu, na huko mafundi wakaviunganisha upya kando ya ziwa. Mwaka 1961 ikaanza kazi. Kwa hiyo hata siku ya kwanza ilipogusa maji haya, ilikuwa imeshapitia kutawanyika na kukusanywa. Hilo hunifariji kila nikilikumbuka.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1959, Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwenye kiwanda cha tela za kulala za aluminiamu ziitwazo Airstream, aliongoza msafara wa tela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakiikatiza Afrika Mashariki kwa barabara ambazo wenyeji wenyewe walizipita kwa sala. Tela za umri ule leo zinatafutwa sana kwao, na wapo watu wanaotumia miaka kuifufua moja tu. Nimevutiwa na namna wanavyoanza. Kwa nje aluminiamu haina neno. Ukiisugua barabara unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Lakini anayeijua kazi haanzi na kusugua. Anatoa makochi na makabati, anang'oa sakafu ya plaiwudi iliyooza kingoni kwa maji yaliyopenya kwenye maungio, kisha gamba lote la aluminiamu linanyanyuliwa kutoka kwenye chasisi ya chuma. Huko chini ndiko habari yenyewe iliko. Chuma kimeliwa, na pale metali mbili zilipogusana penye unyevu, moja imemla mwenzake kimyakimya kwa miaka. Wapo pia wanaoiruka hatua hii. Wanasugua, wanapiga picha, wanauza, na mnunuzi anakuja kugundua barabarani, kwenye tuta la kwanza.

Meli hainyanyuliwi gamba. Kwa meli kuna chelezo.

Septemba 2018 mikataba ilisainiwa hapa Mwanza: kujenga meli mpya, kuzikarabati MV Victoria na MV Butiama, na kujenga chelezo kipya Mwanza Kusini. Midomoni mwa watu ilitajwa zaidi meli mpya, hii iliyokuja kushushwa majini Februari 2023 kwa jina la MV Mwanza. Mimi nilivutwa na chelezo, ambacho kwa kweli hakina sura. Ni mteremko wa zege na reli unaoingia majini. Toroli kubwa inashushwa hadi chini ya maji, meli inaletwa juu yake taratibu mpaka ikae sawasawa, kisha winchi inaanza kuvuta, na kile ambacho hakuna abiria aliyewahi kukiona kinatoka hadharani: tumbo la meli, mkuku, propela, usukani, mwani na konokono waliojishikiza humo bila kulipa nauli. Na angalieni hesabu. Mkataba wa chelezo ulikuwa wa takriban shilingi bilioni 36. Wa kuikarabati Victoria yenyewe, takriban bilioni 22. Mahali pa kuichunguzia meli paligharimu zaidi kuliko kuitengeneza.

Kigangoni kwetu yupo mzee aliyestaafu kazi ya kuchomelea meli. Nilimuuliza kinachofanyika meli ikishatoka majini.

"Baba, kwanza unagonga."

Akanionyesha kwa nyundo ndogo yenye kichwa chembamba, kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba yake, mjukuu akitushangaa. Unagonga bamba moja baada ya jingine, kiasi cha kiganja kimoja kutoka ulipogonga mwanzo. Chuma kizima kinaitika, mlio wake unakwenda mbele na kurudi mkononi. Kilichokonda kinajibu kwa sauti fupi, nzito, isiyofika popote, na wakati mwingine magamba ya kutu yanadondoka yenyewe. Hapo unachora msalaba kwa chaki na kuendelea. Siku hizi kipo kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa bamba kwa milimita, na karatasi ya kifaa hicho ndiyo mkaguzi anayoiamini. Mzee hana ugomvi nacho. Anasema tu kwamba mkono uliozoea nyundo ndio unaojua kifaa kiwekwe wapi.

Nikamuuliza meli huozea wapi zaidi. Nilitarajia aniambie ubavuni, kwenye mstari wa maji, na kweli pale pana shida yake. Akatikisa kichwa.

"Ndani, Baba. Nje kunaonekana, kwa hiyo kunapakwa rangi. Meli inaozea ngamani."

Ngamani, chini kabisa, chini ya sakafu ya chumba cha injini, ndiko kunakochuruzika kila kinachovuja: maji ya kupooza mitambo, mafuta, jasho la mabomba, sabuni ya kudekia. Hakuna abiria anayeshuka huko. Hata baharia haendi bila kutumwa. Maji yanalala, chuma kinanyonya, na juu kule watu wanakula samaki na ugali wakisifia usafi wa meli.

Hatuzungumzi hapa habari ya mapambo. Wapo kati yetu ambao kila tarehe 21 Mei huenda Igoma, kwenye makaburi ya ndugu waliopotea na MV Bukoba mwaka 1996, ilipopinduka ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, karibu kabisa na kufika Mwanza. Na mwezi uleule wa Septemba 2018 mikataba ilipokuwa mibichi, tarehe 20, MV Nyerere ilipinduka mbele ya gati la Ukara, watu wa nchi kavu wakitazama. Katika mkoa wetu, mtu anayesema kwamba yaliyo chini hayana haja ya kuangaliwa maadamu chombo kinaelea, hana pa kusimama.

Ndiyo maana juma hili nimerudi kwa Nehemia, sura ya pili. Anafika Yerusalemu akiwa na barua za mfalme mkononi, ana ruhusa ya mbao za malango, ana askari wa kumsindikiza. Angekuwa mwenzetu angeanza na uzinduzi. Yeye anakaa siku tatu bila kusema neno. Kisha anaamka usiku, yeye na watu wachache, na mnyama mmoja tu aliyempanda, anauzunguka ukuta gizani akiangalia palipobomoka na malango yaliyoteketea. Inafika mahali kifusi ni kingi mno, mnyama anakosa pa kupita. Maandiko hayakusahau kulitaja hilo, nami ndipo ninapopapenda: mtu mkubwa wa serikali, usiku, amekwama kwenye kifusi. Baada ya hapo tu ndipo anapofungua kinywa na kuwaambia wenyeji jinsi hali yao ilivyo.

Ninalotaka kusema nanyi kwenye Kwaresima hii ni hilo, na sina jingine kubwa. Toba ni kukubali kutolewa majini na kugongwa.

Tunaokaa kwenye kiti cha kitubio tunajua jinsi rangi inavyoletwa. Nimekasirika. Nimekosa Misa Jumapili mbili. Nimesengenya kidogo. Sikatai, hizo ni dhambi, na mwenye kuziungama ameungama kweli. Lakini anayeungama hivyo huenda kwa miaka saba hajazungumza na kaka yake kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba huko Magu, na kesi iko barazani. Mwingine ana mizani ya dagaa ambayo kila mvuvi anajua kuwa haisemi ukweli, na Jumapili anasoma somo la kwanza kwa sauti nzuri. Mwingine ana mitumbwi mitatu na vijana anaowadai wao badala ya wao kumdai yeye, maana kila mwezi hesabu inageuka. Mambo haya yako ngamani. Hayaji midomoni si kwa sababu mtu anayaficha. Mara nyingi amesahau kwamba sakafu ile inafunguka.

Wala hatuwezi kujigonga wenyewe vya kutosha. Meli haijipandishi kwenye chelezo. Nathani alitumwa kwa Daudi, na Daudi alikuwa mtu wa sala kuliko sisi. Mkeo anaujua mlio wako pale ulipokonda. Watoto wanaujua. Mara nyingine anayeujua vizuri kuliko wote ni mfanyakazi wa ndani, na hakuna anayemuuliza.

Nilimuuliza mzee pia juu ya yale mabamba yenye msalaba wa chaki. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, hukati pale palipooza tu. Unakata mpaka ukutane na chuma kizima pande zote, kwa sababu ukichomelea bamba jipya kwenye lililokonda, moto unatoboa na umeongeza tundu. Bwana wetu alishasema hayo kwa habari ya kiraka kipya kwenye nguo kuukuu. La pili sikulitegemea: kona za tundu hukatwa kwa mviringo, na bamba jipya nalo hutengenezwa hivyohivyo. Kona kali huvuta nguvu zote za chuma mahali pamoja, meli ikipigwa na mawimbi ufa unaanzia hapo. Fundi asiye na subira anakata mraba kwa sababu ni rahisi kupima. Nimekutana na waonyaji wa namna hiyo, katika familia na katika halmashauri za kanisa. Walichokikata kilistahili kukatwa, ila waliacha kona.

Na mtu akiona msalaba wa chaki ubavuni mwake asidhani amehukumiwa. Meli ya kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu haigongwi bamba kwa bamba. Inakatwa tu.

(Mzee alinieleza pia vipande vya metali nyingine vinavyofungwa kwenye tumbo la meli ili vyenyewe viliwe, chuma cha meli kipone. Mhubiri yeyote akisikia hivyo roho inamruka. Nimeviweka akiba kwa Ijumaa Kuu.)

Ndugu zetu wenye asili ya Kigoma watanilaumu nisipoitaja meli yao. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaja kwa makasha hadi Dar es Salaam, ikaunganishwa Kigoma, ikaingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata vita vilikuwa vimewageukia Wajerumani, na Julai 1916 ikatolewa amri izamishwe ili adui asiipate. Mafundi waliopewa kazi hiyo ni walewale waliotoka kiwandani kuja kuiunganisha. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini yake grisi nene, kila mahali, wakaijaza meli mchanga, wakaiteremsha chini taratibu.

Hebu mfikirie mtu anayepaka grisi injini ya meli anayoizamisha kwa mikono yake. Jeshi linarudi nyuma, treni inangojewa, haraka ni kubwa, naye anahangaika na kitambaa kwenye valvu. Alikuwa na hakika gani? Waliotegemea kuiinua hawakuiinua. Waingereza ndio waliofanya hivyo mwaka 1924, wakaikuta mitambo yake inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Grisi ya mtu aliyeshindwa ikamfaa aliyemshinda, halafu ikawafaa wauza mikungu na dagaa wa Kigoma na Kasanga, vizazi kwa vizazi.

Nimeandika haya nikiwafikiria akina mama fulani wa parokia yetu ambao watoto wao wamezama. Wengine kwenye pombe, wengine kwenye migodi huko Geita ambako simu haipokelewi, wengine wamelikana hata jina walilobatizwa. Mama ananiuliza kama zile sala za jioni alizomfundisha mtoto zilikuwa kazi bure. Mama, ulipaka grisi. Atakayemwinua huenda asiwe wewe, wala mimi, wala mtu wa kanisa letu, na inaweza kuchukua miaka mingi kuliko tuliyo nayo. Sina ahadi ya tarehe. Najua tu kwamba chuma kilichopakwa hakiko sawa na ambacho hakikupakwa, hata vikilala chini ya maji yaleyale.

Victoria ilirudi ikiwa na injini mpya, viti vipya na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu, ingawa midomoni mwa wengi imebaki Victoria. Wapo wazee walioipanda wakasema si ile. Ezra anasimulia kwamba msingi wa hekalu ulipowekwa upya, wengi walipiga kelele za furaha na wazee walioliona hekalu la kwanza wakalia kwa sauti, mpaka watu wasiweze kutenganisha kilio na shangwe. Sioni kwamba Ezra aliwakemea wazee. Aliyepona huwa si yuleyule, na wanaompenda wana haki ya kumlilia kidogo yule wa zamani.

Sasa niseme la nyumbani, maana Neno likiishia melini litakuwa limetukosa.

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya kumi na mbili, kina habari ambayo mapadri hatuipendi. Mfalme Yoashi aliagiza fedha za watu zitengeneze nyumba ya Bwana palipobomoka. Ikafika mwaka wa ishirini na tatu wa ufalme wake, makuhani walikuwa wanapokea fedha na ufa uko palepale. Mfalme akawauliza kwa nini. Hawakuwa na jibu, wakakubali wasipokee tena. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, na fedha zilizoingia humo zikawa zinahesabiwa na kupewa maseremala na waashi. Maandiko yanaongeza kwamba fedha hizo hazikununua vikombe vya fedha wala tarumbeta. Zilinunua mbao na mawe.

Miaka hii tumefanya harambee ya vigae vya altareni, ya spika, ya sare za kwaya mara mbili, na ya geti ambalo wageni hulisifia. Zote zilijaa, Mungu awabariki. Harambee ya kuangalia kenchi hatujawahi kufanya, wala sidhani ingejaza daftari ukurasa mmoja. Na mvua za Novemba zilipita upande wa Bikira Maria, tukasogeza mabenchi, tukasogeza na sanamu, tukapaka dari rangi nyeupe. Unga wa mchwa unaanguka kwenye kitabu cha Misa.

Halmashauri ya walei imekubali. Jumamosi baada ya Njia ya Msalaba, mzee wetu atapanda darini na nyundo yake, na vijana wawili wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu watamshikia ngazi na taa. Atagonga mbao zote, kuanzia upande wa sakristia, na karani ataandika kila atakaloliwekea chaki. Orodha itabandikwa mlangoni Jumapili kama ilivyo, hata ikiwa ndefu, nami nimekataza mtu yeyote kutaja bei kabla haijasomwa. Wanakwaya wanaombwa kuhamisha kinanda na ngoma mapema, kwa sababu vumbi litakuwa jingi, na mazoezi ya Pasaka yatafanyika chini ya mwembe.